Mikunga Waliosahau Watu: Kisa cha Akwariamu ya Sumida, 2020

Ndani ya Akwariamu ya Sumida jijini Tokyo kuna tangi lenye mchanga mweupe, na mchangani humo wameota samaki. Nasema wameota kwa sababu mgeni anayewaona mara ya kwanza hafikirii samaki, anafikiria nyasi. Ni vijiti vyeupe vyenye madoadoa meusi, vimesimama wima, vimepinda kidogo kwa juu, vyote vimeelekea upande mmoja, vinayumbayumba. Ukisogea ndipo unaona kila kijiti kina macho mawili makubwa na mdomo mdogo ulioelekea juu, kama wa mtu aliyenuna.

Hao ni mikunga wa bustani. Mwaka 2020 walikuwa takriban 300 katika tangi hilo.

Kwa msomaji ambaye neno mkunga linamletea kwanza picha ya mama anayezalisha: jina ni moja, shughuli ni mbali kabisa. Mkunga wa baharini ni samaki mrefu wa umbo la nyoka anayekaa mapangoni, na wengi wa ukoo huo wana meno ambayo mvuvi hayachezei. Huyu wa bustani ni ndugu yao mnyonge. Hana meno ya kutisha, hana mbio, na silaha yake ni moja tu: tundu lake.

Tarehe 1 Machi 2020 akwariamu hiyo ilifunga milango kwa sababu ya korona. Tarehe 7 Aprili serikali ya Japani ikatangaza hali ya dharura Tokyo na katika mikoa mingine 6, na baada ya siku chache nchi nzima. Wageni hawakuwepo, lakini wahudumu waliendelea kufika, maana samaki hajui karantini. Lazima ale, na maji yake lazima yapimwe. Wiki zikapita. Ndipo wahudumu wakaona jambo kwenye tangi la mikunga: kila mmoja wao alipopita, bustani nzima ilizama mchangani. Kabla ya kufungwa haikuwa hivyo. Wageni walikuwa wakijaa mbele ya kioo, watoto wakinyoosha vidole, na mikunga wakiendelea kula kama hawaoni kitu.

Akwariamu ikatoa tangazo lililozunguka dunia. Ilieleza kwamba wanyama wake sasa hawaoni watu isipokuwa wahudumu, na kwamba wameanza kuwasahau binadamu. Mikunga wa bustani wamekuwa wakijificha kiasi kwamba ni vigumu kukagua afya zao. Kisha likaja ombi: kuanzia tarehe 3 hadi 5 Mei, watu wapige simu za video ili mikunga waone sura za watu. Vishikwambi 5 vingewekwa mbele ya tangi, skrini zikitazama kioo. Mpigaji aonyeshe uso, apunge mkono, azungumze, ila asipaze sauti, kwa kuwa samaki hawa ni waoga. Siku hizo ni katikati ya wiki ya mapumziko makubwa ya Wajapani, wakati ambao kwa kawaida sehemu kama hiyo hufurika watu. Shughuli ikaitwa sherehe ya kuonyesha sura.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka, kama walivyocheka wengi. Nilipoisoma mara ya tatu niliona kwamba ndani yake kuna maswali mawili ya maana ambayo vicheko viliyafunika. Je, mikunga walisahau kweli? Na je, uso kwenye skrini ulikuwa dawa ya ugonjwa huo?

Tuanze na mnyama. Jina lake la kisayansi ni Heteroconger hassi. Lilitolewa mwaka 1959 na Wolfgang Klausewitz na Irenäus Eibl-Eibesfeldt, walioeleza mikunga wapya kutoka Maldivi na visiwa vya Nikobar. Neno la pili, hassi, linamuenzi Hans Hass, mzamiaji wa Austria ambaye meli yake, Xarifa, ndiyo iliyowafikisha huko. Hata jina la kwanza walilompa jenasi yake, Xarifania, lilitokana na meli hiyo kabla ya kubadilishwa. Samaki mwenyewe ameenea sana: kutoka Bahari ya Shamu na upande wa Afrika Mashariki, kuvuka Bahari ya Hindi, hadi visiwa vya Pasifiki, na kaskazini hadi visiwa vya kusini mwa Japani. Hukaa kwenye mchanga ulio kando ya matumbawe, penye mkondo, kwa kawaida kuanzia mita 7 hadi 45 kwenda chini. Hufikia sentimita 40 kwa urefu, na unene wake haufiki kidole gumba. Wajapani humwita chin-anago, kwa kuwa sura yake inawakumbusha mbwa mdogo wa kwao anayeitwa chin. Siku yake huadhimishwa tarehe 11 Novemba, na ukiandika 11/11 utaona sababu: tarakimu 4 zimesimama wima kama mikunga mchangani.

Tundu ndilo maisha yake. Hulichimba kwa mkia, ambao ncha yake ni ngumu, akiusukuma chini kinyumenyume. Ngozi yake hutoa ute unaogandisha chembe za mchanga, kuta zikashikamana zisimwangukie. Akishakaa, sehemu ya nyuma ya mwili haitoki tena ila kwa sababu kubwa. Anakula akiwa ndani, anagombana na jirani akiwa ndani, na hata kujamiiana hufanywa hivyo hivyo: dume na jike wa matundu jirani hunyooshana hadi wakafikiana na kujisokotanisha, mikia yao ikiwa bado imeshika nyumba. Ni mtoto wake tu anayesafiri, akiwa lava, yaani mtoto ambaye bado hajapata umbo la wazazi, bapa na mwenye mwili unaopitisha mwanga, akipeperushwa na bahari mpaka siku ya kushuka na kuchimba.

Na kuzama kwake ni jambo la kutazamwa. Hageuki wala hakimbii. Anarudi chini wima, kwa mkia, kama lifti, akikutazama muda wote. Mchanga hautimki. Kinachobaki ni kitobo kidogo ambacho usipojua ulikuwa unatazama wapi hukioni tena. Ukisubiri, kwanza inatokea pua. Kisha macho, na hapo anasimama. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu, jicho likiwa sawasawa na uso wa mchanga, akipima. Kisha kipande cha shingo, kisha kipande kingine.

Wazamiaji wanaijua tabia hii vizuri mno. Unaikaribia bustani, na kabla hujafika wale wa mbele wanazama, kisha mstari wa nyuma yao, kisha wa nyuma zaidi, kama mtu anayefunga pazia. Mapovu ya hewa yanayotoka kwa mzamiaji hayasaidii hata kidogo. Wenye kamera zao hulala mchangani wasitikisike, au huiacha kamera pale na kuondoka kabisa.

Kwa hiyo kilichotokea Aprili 2020 hakikuwa kioja. Kioja ni kile cha kabla ya Machi: mnyama ambaye baharini hamvumilii binadamu mmoja aliyetulia, alikuwa akila kwa raha mbele ya umati. Hapo ndipo uchambuzi unapaswa kuanzia, na ndipo wengi waliosimulia kisa hiki hawakugusa.

Kinachoeleza hali ile ya kwanza ni kuzoea. Ni aina ya kujifunza iliyo nyepesi kuliko zote, na hata konokono wa baharini anaimudu: kitu kikijirudia mara nyingi bila kuuma wala kulisha, mwili unaacha kukijibu. Kwa mkunga wa bustani faida yake ni ya moja kwa moja. Yeye hawindi. Anasubiri mkondo umletee vijidudu vya planktoni, na kila kinachopita hakirudi. Kila dakika aliyokaa chini ni tonge zilizopita juu ya kichwa chake. Mkunga anayezama kwa kila kivuli atakufa njaa, na asiyezama kabisa ataliwa. Anachofanya ni kupima, siku hadi siku, kivuli kipi ni cha bure.

Mwaka 1966 watafiti Richard Thompson na William Spencer walipanga sifa 9 za kuzoea, na wanasaikolojia wa wanyama wanazitumia hadi leo kama kipimo. Kadhaa kati ya hizo zinaingia kwenye kisa hiki kama ufunguo kwenye kufuli lake. Kichocheo kikiondolewa kwa muda, jibu la zamani hurudi. Kichocheo kikija mara kwa mara, mnyama huzoea haraka. Kikija kwa nadra, huzoea polepole. Sasa fikiria chumba kile mwezi Aprili. Hakuna nyayo, hakuna mikono kiooni, taa na pampu tu. Saa moja inapita, ya pili inapita, kisha ghafla kivuli kirefu cha mtu mmoja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa mkunga mshindo huo alikuwa mhudumu mwenye ndoo. Wageni elfu mfululizo ni kelele isiyo na maana. Mtu mmoja katika ukimya ni tukio.

Sasa, kusahau. Neno hilo lilitembea kwa sababu ni tamu. Linatufanya sisi kuwa waliokosekana, kama jamaa ambaye mtoto amekataa kupakatwa naye baada ya miaka mingi ya kutoonana. Lakini jibu kurudi si sawa na kumbukumbu kufutika. Katika orodha ileile ya 1966 imo sifa nyingine: mnyama aliyewahi kuzoea, akapumzishwa, kisha akaanza upya, mara ya pili huzoea upesi zaidi kuliko ya kwanza. Maana yake kuna kitu kilibaki. Kama sifa hiyo inashika kwa mikunga wa Sumida, na sioni sababu isishike, basi hatari ilikuwa ndogo kuliko vichwa vya habari vilivyodokeza. Milango ingefunguliwa, umati ungerudi, na mazoea yangerudi nao, bila kishikwambi hata kimoja.

Nina shaka nyingine kuhusu neno hilo, na hii ni dhana yangu. Huenda mikunga hawakuwahi kuwajua binadamu kama binadamu. Walichokijua ni ukuta wa vivuli vinavyotembea upande wa pili wa kioo, visivyoingia majini kamwe. Mhudumu ni kiumbe wa aina nyingine. Yeye huja na brashi, huja na mpira wa kunyonya uchafu, na mkono wake huingia majini. Kabla ya Machi alikuwa kivuli kimoja kati ya maelfu, kamezwa na umati. Umati ulipoondoka, umbo la mtu lilibaki na maana moja tu: huyu ndiye anayeleta misukosuko. Kama ni hivyo, mikunga hawakusahau chochote, walijifunza kitu kipya, na wahudumu wenyewe ndio waliokuwa wakiwafundisha kila siku bila kukusudia.

Kuna atakayeuliza, basi wangewaacha wajifiche, kuna ubaya gani? Hapa nawatetea wahudumu. Chakula cha mikunga hutolewa kikielea majini. Aliye chini hakipati, na kisicholiwa kinaishia kwenye kichujio au kinachafua maji. Ukaguzi nao hufanywa kwa macho: nani amekonda, nani ana kidonda, nani hali. Samaki anayeonekana nusu tu siku zake nzuri ni mgumu kukagua. Asipoonekana kabisa, mhudumu anabaki anahesabu vitobo. Na mkunga akifia ndani ya tundu hakuna anayemwona akielea. Anaoza chini ya mchanga, amonia inaingia majini, na majirani zake ndio wanaolipa. Kwa hiyo tatizo lilikuwa la kweli, na akwariamu ililitaja wazi katika tangazo lake. Waliolisimulia ndio waliolirusha pembeni, wakabaki na samaki wapweke.

Mikunga hawakuwa wapweke. Walikuwa 300.

Turudi kwenye dawa. Kimsingi wazo ni sahihi: kama kilichopungua ni kichocheo, kirudishe. Hata agizo la kutopaza sauti lina mantiki, kwa kuwa kichocheo chepesi huzoeleka haraka kuliko kizito. Ila kwa upande wa sauti nadhani kanuni ilimfaa mpigaji kuliko samaki. Sauti inayosafiri hewani ikigonga maji, karibu nguvu yake yote hurudi ilikotoka. Inayopenya ni kama sehemu 1 kwa 1,000, na hapo katikati kuna kioo pia. Kishikwambi kikizungumza kwa upole nje ya tangi, mkunga hapati cha kusikia. Kinachomfikia ni mtikisiko: mguu sakafuni, kiti kilichoburutwa, mlango uliobamizwa. Umati wa kabla ya Machi ulikuwa ukitikisa jengo mchana kutwa, na simu ya video haina miguu.

Picha nayo ina mambo yake. Samaki wanaweza kuitikia picha za video. Maabara nyingi zimetumia njia hiyo, mara nyingi kwa kuwaonyesha samaki wenzao. Lakini skrini imetengenezwa kwa jicho la binadamu, rangi zake zimechanganywa kwa ajili yetu. Upande wa pili wa kioo mkunga anaona dirisha dogo lenye mwanga, ndani yake kitu cha mviringo kinachochezacheza mahali pamoja, kisha dirisha linazima, kisha linawaka na mviringo mwingine. Hakuna mwili unaokuja kutoka mbali, ukakua, ukapita. Na kuzoea ni kitu kichoyo: mnyama aliyezoea kichocheo kimoja hukubali kinachofanana nacho sana, kinachotofautiana anakianza upya. Anayezoea dirisha linalowaka amezoea dirisha. Mhudumu mwenye ndoo bado ni mhudumu mwenye ndoo.

Mimi ningefanya jambo la kuchosha zaidi na lisilofaa kupigwa picha. Ningechukua mfanyakazi mmoja mwenye kazi za mezani nimwekee meza mbele ya tangi, afanye kazi zake hapo, ainuke, anyooshe viungo, akae, kila siku. Wengine ningewaomba kila wanapokwenda chooni wapitie hapo, kwa mwendo wa kawaida, bila kusimama wala kugusa kitu. Shughuli za kusafisha ningezipa saa yake maalumu, ili umbo la mtu lisimaanishe brashi kila mara. Hata hivyo najua wahudumu walikuwa wachache wakati huo na amri ilikuwa watu wasikusanyike, kwa hiyo huenda meza hiyo isingepata mtu wa kuikalia.

Tena kishikwambi kilifanya kazi ambayo meza isingeifanya. Jengo lilikuwa halikati tiketi, na watu waliofungiwa nyumbani walikuwa wanatafuta pa kutazama. Chicago, mwezi Machi mwaka huohuo, Akwariamu ya Shedd iliwaachia pengwini wake watembee kwenye kumbi tupu, na dunia ikawatazama kwa furaha. Pengwini ni mdadisi, anatembea na kutia shingo kila mahali. Mkunga wa bustani hawezi kutoka kwenda kuwatafuta watu. Kilichowezekana ni watu kuletwa kwake. Kama uamuzi wa mawasiliano, naupa alama za juu kabisa. Kama tiba ya tabia ya samaki, unahitaji ushahidi, na kilichosambaa zaidi kwenye habari ni picha za nyuso zilizotabasamu kuwaelekea samaki.

Ushahidi wenyewe haukuwa mgumu kuupata. Samaki huyu anapimika, na wanasayansi wa Okinawa walilithibitisha hilo mwaka 2022 katika chuo cha sayansi na teknolojia cha huko kiitwacho OIST. Waliwaweka mikunga wa spishi hiihii kwenye mfereji wa maji wenye matundu ya mchanga, wakawalisha kwa kasi tofauti za mkondo na kuwarekodi kwa kamera. Mkondo ulipozidi nguvu, mikunga walijivuta chini na kujipinda ili maji yasiwasukume sana. Kwa kisa chetu hilo ni onyo la maana: urefu wa shingo inayoonekana hautegemei woga peke yake, unategemea pia pampu na chakula. Mtu akiongeza kasi ya pampu katika jengo lililofungwa, au akibadilisha saa ya kulisha, bustani itafupika, na mhudumu anayepita ataamini ni yeye aliyewatisha.

Kwa hiyo ningeiacha pampu kama ilivyo, na chakula saa ileile. Tarehe 2 Mei, saa 4 asubuhi, mhudumu mmoja apite mbele ya tangi, nguo zilezile, hatua zilezile, huku kamera ya kando ikirekodi: wangapi wamezama, na imechukua sekunde ngapi hadi nusu yao watoe macho tena. Arudie mara 10, kwa nafasi ya nusu saa. Kisha sherehe ifanyike, nyuso zije, mikono ipungwe. Tarehe 6 Mei, vishikwambi vikishaondolewa, mhudumu yuleyule avae nguo zilezile, saa 4 ileile, apite tena.